Kupanga Mapokezi ya Spa Ndogo: Anza na Kiti cha Mgeni

Watu wanaofungua spa kwa mara ya kwanza huniuliza maswali yale yale: wapake rangi gani, kaunta iwe na urefu gani, wachome udi au wasichome, wanunue makochi au viti. Nimeyajibu mmoja mmoja kwa simu mpaka nimechoka, ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Anayeniuliza kwanza kuhusu rangi huwa ameanzia mwisho wa kazi. Swali la kwanza ni hili: mgeni akishaketi, anaona nini, anasikia nini, na ni nani anayemwona yeye?

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walilijibu swali hilo zamani. Mbele ya nyumba waliweka daka lenye baraza pande mbili, mahali ambapo mgeni hupumzika na kusema haja yake, na njia ya kuingia ndani waliipinda ili mpita njia asiweze kuona moja kwa moja mpaka kiwandani, yaani uani. Mapokezi ya spa hufanya kazi ya daka. Humtoa mtu kwenye jua na kelele za barabarani, humtuliza kwa dakika kumi au kumi na tano, na huwaficha walioko ndani.

Mfano nitakaoutumia ni chumba cha mita 4 kwa 5, ghorofa ya chini, katika mji wa pwani, chenye mlango mmoja wa barabarani na ujia unaoelekea vyumba vitatu vya masaji. Ikiwa chumba chako ni kikubwa zaidi, mambo yatakuwa mepesi kwako. Kikiwa kidogo zaidi, hatua ya kwanza ndiyo itakayokuokoa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Futi ya kupimia ya mita 5, chaki, na utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa mafundi rangi, ambao unaweza kuubandika sakafuni na kuubandua bila kuacha alama.
- Mchoro wa chumba unaoonyesha milango inafungukia upande gani, soketi ziko wapi na kiyoyozi kinapuliza wapi. Uchore kwa mkono, usihangaike na programu.
- Ratiba yako ya huduma: vyumba vingapi, kila huduma dakika ngapi, na muda wa kusafisha chumba baada ya kila mgeni.
- Kiti kimoja cha kawaida na mtu mmoja mvumilivu wa kukaa juu yake. Wewe mwenyewe unafaa.
- Fundi umeme, kabla ya fundi rangi. Ukiwaita kinyume cha hapo utapaka ukuta mara mbili.
- Kibali, ikiwa jengo ni la hifadhi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na huwezi kutoboa ukuta wala kubadilisha mlango pale bila idhini ya mamlaka ya hifadhi. Ukipanga, mwombe mwenye nyumba akuonyeshe idhini kwa maandishi kabla hujamlipa fundi.

Hatua ya 1: Hesabu watu watakaokuwemo kwa wakati mmoja

Wengi hununua viti kwa kuangalia ukubwa wa chumba. Angalia ratiba kwanza. Ukiwa na vyumba vitatu na wageni wote watatu wakaanza saa nne kamili, basi watatu watatoka pamoja saa tano, na wakati huohuo watatu wengine watakuwa wamefika. Hao ni watu sita, hujahesabu waliowasindikiza.

Sasa ipange miadi kwa kupishana. Chukua huduma ya dakika 60 na dakika 20 za kusafisha chumba, kisha anzisha chumba cha kwanza saa nne kamili, cha pili saa nne na dakika 20, na cha tatu saa nne na dakika 40. Kila mgeni akifika dakika 15 kabla ya zamu yake na akakaa dakika 15 baada ya huduma kunywa chai, hutakuwa na zaidi ya wageni wawili kwenye mapokezi: mmoja anayesubiri kuingia na mmoja anayejiandaa kuondoka. Ongeza msindikizaji mmoja kwa kila mgeni, unapata viti vinne. Chumba kilichoonekana kidogo kimetosha, na hujabomoa ukuta wowote.

Hesabu hii huvunjika siku bi harusi anapokuja kusingwa, kwa sababu haji peke yake. Anakuja na somo wake (kungwi), mashangazi na marafiki. Miadi ya namna hiyo ipewe saa zake, na wageni wengine wasipangwe humo.

Usiisahau baraza ya nje ikiwa jengo linayo. Mume anayemsubiri mkewe, au dereva aliyemleta mgeni, mara nyingi anaona raha zaidi kukaa pale penye upepo kuliko ndani pamoja na wanawake asiowajua. Muwekee mto wa kukalia na maji ya kunywa, na utakuwa umepata viti viwili vya ziada.

Hatua ya 2: Chora kila kitu sakafuni, kisha keti

Kabla ya kununua chochote, bandika ule utepe wa karatasi sakafuni kwa vipimo halisi: meza ya mapokezi, viti, meza ndogo, rafu ya viatu. Kiti chenye mikono huchukua takriban sentimita 75 kwa 75, na miguu ya anayeketi inahitaji sentimita 45 nyingine mbele yake. Njia ya kupita isipungue sentimita 90. Panapopishana watu wawili iwe 120. Acha mahali pamoja penye duara la sentimita 150 ili mwenye kiti cha magurudumu aweze kugeuka.

Kisha weka kiti chako cha mfano juu ya kila alama ya kiti, ukae, na utazame. Fungua milango yote kama itakavyofunguliwa siku ya kazi. Mwambie mtu apite ujiani akiwa amejifunga taulo juu ya nguo. Ukimwona ukiwa umeketi, kiti hicho hakifai hapo, au panahitajika pazia zito au kiwambo cha mbao kilichochongwa matundu, kirefu cha sentimita 180.

Hatua hii naisisitiza kwa sababu niliwahi kuipuuza. Katika kazi yangu moja ya mwanzo nilitundika kioo kikubwa nyuma ya meza ya mapokezi ili chumba kionekane kipana, nikakikagua nikiwa nimesimama katikati ya chumba, nikaridhika. Siku ya tatu mama mmoja aliyekuwa akisubiri alimwita mhudumu na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba, kutoka pale alipoketi, anamwona ndani ya kioo kila anayetoka chumba cha pili. Mimi nilikuwa nimesimama, yeye alikuwa ameketi. Kioo kiliondolewa jioni ile ile, na misumari yake minne iliacha matundu ambayo mwashi aliyaziba kwa fedha yangu.

Kwa wateja wetu wa pwani jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu wengi wa wanawake watavua buibui na mtandio wakishafika ndani. Tenga angalau kiti kimoja ambacho hakionekani kutoka mlangoni hata mlango unapofunguliwa wazi, na mtundikie mgeni ndoano ya nguo karibu nacho.

Hatua ya 3: Mlango, viatu na sakafu

Mgeni wa pwani akifika mlangoni hupiga hodi na kutazama kama wenyeji wamevua viatu. Mpe jibu kabla hajauliza. Weka benchi fupi la kukalia, lenye kimo cha sentimita 40 hadi 45, hatua moja ndani ya mlango. Chini yake au pembeni yake weka rafu ya viatu iliyofungwa, kwa kuwa viatu vilivyotapakaa huharibu sura ya chumba chote. Na juu yake panga ndara safi za saizi tatu. Ndara zilizotumika ziende kwenye kapu tofauti, zioshwe kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, kisha zikaushwe kabla ya kurudi kwenye rafu.

Sakafu isiteleze. Vigae vinavyong'aa kama kioo hupendeza dukani, lakini mgeni anayetoka ndani akiwa na mafuta kwenye nyayo atateleza juu yake kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Chagua vigae vyenye uso mkavu, au sakafu ya saruji iliyosuguliwa kiasi. Mkeka wa ukindu ni mzuri, lakini ubandike kwa chini ili usisogee.

Milango ya kale ya kuchongwa ina kizingiti kirefu. Usikikate. Tengeneza njia mtelemko ya mbao inayoondoleka, kwa kipimo cha 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji ubao wa mita 1.8. Mafundi wengi watakutengenezea wa mita moja wakidai unatosha. Hautoshi, msukuma kiti atashindwa.

Hatua ya 4: Meza ya mapokezi

Maoni yangu ni kwamba spa ndogo haihitaji kaunta ndefu. Kaunta yenye kimo cha sentimita 110 inafaa benki na hoteli, kwenye foleni. Katika chumba cha mita 4 kwa 5 inakuwa ukuta kati ya mgeni na mwenyeji. Tumia meza ya kukalia yenye kimo cha sentimita 75, kina cha sentimita 60, na nafasi tupu chini yake upande wa mgeni ili hata mwenye kiti cha magurudumu aweze kuisogelea. Mgeni akija, mhudumu anasimama na kumwendea. Ikiwa umeshanunua kaunta ndefu, kata sehemu yake moja yenye upana wa sentimita 80 na uishushe.

Iweke meza kwa mshazari, si uso kwa uso na mlango. Mhudumu aone mlango bila kugeuza shingo, na mgeni amwone mhudumu kabla hajapiga hatua ya tatu, lakini wasitazamane kama askari na mpita njia kwenye kizuizi.

Kuhusu mbao: mninga, mkongo na mvule hustahimili unyevu wa pwani. Mbao za unga wa mbao zilizobanwa huvimba pembe za chini baada ya miezi michache ya kudekiwa. Ukilazimika kuzitumia, inua meza kwa miguu ya chuma kisichoshika kutu, angalau sentimita 10 kutoka sakafuni. Skrubu na bawaba ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida na kuacha michirizi ya kahawia kwenye mbao.

Ndani ya meza panahitajika droo yenye ufunguo, sehemu ya mashine ya risiti, soketi mbili na tundu la kupitishia nyaya. Juu ya meza pasiwe na zaidi ya vitu vitatu. Ile namba ya malipo kwa simu isibandikwe ukutani kwa utepe. Ichapishwe ndogo na kuwekwa kwenye kibao cha mbao. Leseni ya biashara, ambayo lazima ionekane, iingie kwenye fremu pamoja na vyeti vingine, yote kwenye ukuta mmoja karibu na meza. Matangazo ya karatasi yanayoanza na neno “HAIRUHUSIWI” yaondoe yote. Yanayopaswa kusemwa atayasema mhudumu kwa mdomo.

Hatua ya 5: Viti

Kiti kizuri cha spa kina kimo cha sentimita 43 hadi 45, kina mikono, na sponji yake ni ngumu kiasi. Makochi mapana yanayommeza mtu yaache sebuleni kwako. Mgeni aliyetoka kukandwa mwili wake umelegea, na mtu mzima mwenye maumivu ya magoti atahitaji kushikwa mkono ili ainuke, jambo ambalo wengi huona aibu kuliomba.

Ngozi ya bandia hubanduka kwa jasho na joto, na humnata mgeni mapajani. Tumia foronya za kitambaa cha kikoi au pamba nzito, zenye zipu, seti mbili kwa kila kiti, moja ikiwa kwenye maji nyingine iwe kitini. Usichague nyeupe: mafuta ya nazi kutoka kwenye nywele huacha doa la duara pale kichwa kinapoegemea, na doa hilo likishapigwa pasi halitoki tena.

Usivipange viti kwa mstari mmoja ukutani kama zahanati. Viwili viwili, kwa pembe, na meza ndogo katikati, ili waliokuja pamoja waongee na aliyekuja peke yake asilazimike kutazamana na mtu.

Hatua ya 6: Mwanga

Nunua taa za LED zenye rangi ya joto, yaani Kelvini 2,700 hadi 3,000; namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Taa nyeupe za 6,500, ambazo ndizo zinazojaa madukani kwa kuwa ni rahisi, hufanya chumba kionekane kama duka la dawa na uso wa mgeni kama wa mgonjwa. Kwa chumba cha mita za mraba 20, jumla ya lumeni 2,000 hadi 3,000 inatosha. Zigawe kwenye taa nyingi ndogo, hasa za ukutani na za mezani, kwa sababu taa moja kali katikati ya dari humchoma macho aliyeegemea nyuma. Ukitaka swichi ya kupunguza mwanga, hakikisha na taa zenyewe zimeandikwa kwamba zinakubali kupunguzwa, la sivyo zitamemeta. Mhudumu apate taa yake ya mezani.

Rangi ya ukuta sasa, kwa kuwa najua ulikuwa unaisubiri: rangi ya chokaa iliyochanganywa na manjano kidogo, au rangi ya samli. Ipakwe kipande cha mita moja, itazamwe mchana na usiku chini ya taa ulizokwisha kufunga, ndipo inunuliwe ndoo.

Hatua ya 7: Hewa na sauti

Kiyoyozi cha BTU 12,000 huwa kinatosha chumba hiki iwapo jua la jioni haliingii na mlango unajifunga wenyewe. Vinginevyo chukua cha 18,000. Kiweke nyuzi 24 hadi 26. Mtu anayetoka kwenye joto la 32 akiwa na jasho hashukuru kupigwa na baridi ya 18 shingoni.

Kuta za mawe na sakafu ngumu hurudisha sauti. Pazia zito, mikeka, mito na foronya huipunguza bila gharama kubwa. Muziki uwe wa chini kiasi kwamba watu wawili wanaongea bila kupaza sauti, na ukumbuke kwamba kupiga nyimbo za watu mbele ya wateja kunahitaji kibali cha hakimiliki. Televisheni usiweke.

Hatua ya 8: Harufu

Hapa ndipo watu wa pwani tunapokosea kwa kupenda mno. Udi, ubani, marashi ya mawaridi, mafuta ya mkaratusi, dawa ya kudekia yenye harufu ya ndimu na asumini mezani, vyote kwa pamoja, humpa mgeni maumivu ya kichwa kabla hajavua viatu. Chagua harufu moja ya chumba. Vingine vyote viwe havinuki.

Kama umechagua udi, uchome nusu saa kabla ya kufungua, madirisha yakiwa wazi, kisha utoe chetezo nje kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Kinachotakiwa kubaki ni harufu iliyoshika kwenye pazia, si moshi. Udi wa kupika, ambao ndani yake mna sukari, hutoa moshi mzito unaoacha rangi ya manjano kwenye dari. Udi wa vipande vya mti moshi wake ni mwepesi, ila bei yake unaijua.

Onyo: usiache chetezo chenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa na kiyoyozi kikifanya kazi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua. Chetezo cha umeme kinakuepusha na hilo, lakini hakikuepushi na mgeni mwenye pumu. Swali kuhusu pumu liulizwe wakati wa kuweka miadi, na siku hiyo usichome kitu.

Mimi binafsi napendelea maua. Asumini huchumwa jioni yakiwa bado vifumba, na hufunguka usiku. Ukiyaweka kwenye bakuli pana lenye maji kidogo, asubuhi chumba kinanukia chenyewe. Kufikia kesho yake yameshageuka rangi ya kahawia, kwa hiyo mpangie muuzaji akuletee kila jioni, au uyaache kabisa. Kikuba kidogo cha asumini na rehani anachopewa mgeni anapoondoka hukumbukwa kuliko kadi yoyote ya biashara.

Hatua ya 9: Kikombe na fomu

Chai ya mchaichai na tangawizi, isiyo na sukari, kwenye kikombe kidogo, inatosha. Ipikwe upya kila baada ya saa nne, kwani ikikaa sana kwenye chupa hupoteza harufu. Muulize mgeni kabla ya kumpa kikombe mkononi, hasa mwezi wa Ramadhani, ili aliyefunga asilazimike kukirudisha. Anayekunywa mwezi huo ahudumiwe ndani, mbali na macho ya wanaosubiri.

Fomu ya afya ijazwe kitini, kwenye ubao wa kuandikia, isisomwe kwa sauti mezani. Maswali kama ujauzito, shinikizo la damu, mzio wa karanga au mafuta hayamhusu mtu wa kiti cha pili. Ikishajazwa iingie kwenye droo yenye ufunguo. Taarifa za aina hii zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kwa Tanzania, na kwa Kenya ipo sheria ya mwaka 2019.

Hatua ya 10: Malipo na kuondoka

Mgeni aliyetoka kupumzishwa asisimamishwe kwenye foleni. Mwache aketi, mpe chai, na mpelekee hesabu yake kwenye kibao pamoja na namba ya malipo. Weka soketi moja karibu na kiti chake kwa ajili ya simu iliyoisha chaji, maana asipoweza kuiwasha hatalipa.

Hatua ya 11: Fanya jaribio la siku moja

Alika marafiki watano, uwapangie miadi halisi, na wewe ukae kitini kama mgeni tangu asubuhi bila kumwelekeza mhudumu. Andika kila kinachokuudhi. Utakuta orodha hiyo haifanani hata kidogo na ile uliyoipata uliposimama mlangoni ukitazama.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Wageni wanasimama mlangoni bila kujua waende wapi.* Hawamwoni mhudumu, au hawajui kama wavue viatu. Sogeza meza, ongeza mwanga kwenye benchi la viatu, na acha jozi moja ya ndara ikionekana sakafuni.

*Chumba kinanuka unyevu asubuhi.* Kiyoyozi kimezimwa usiku na foronya zimefyonza unyevu. Fungua madirisha saa moja kabla ya kazi na anika mito juani mara moja kwa juma. Ikiwa ukuta wa mawe ya matumbawe unabanduka rangi, huenda umepakwa rangi ya plastiki juu ya chokaa. Unyevu hauna pa kutokea. Kwangua, rudisha chokaa.

*Mbu wamejaa.* Ikiwa umeweka kichemchemi cha maji cha mapambo, kichunguze. Pampu inapozimwa, maji yanatulia, na mbu huhitaji takriban juma moja tu kukua kutoka yai. Yamwage maji yote na kusugua kingo kila juma. (Kichemchemi kina tatizo la pili ambalo wauzaji hawalitaji: mlio wake huwapeleka wageni chooni. Hakikisha choo kiko karibu.)

*Umeme unakatika katikati ya huduma.* Weka betri ya akiba inayobeba taa za ukutani, kifaa cha intaneti na mashine ya risiti. Jenereta nje ya dirisha la mapokezi itafukuza utulivu wote. Na kama mita ya umeme wa kulipia kabla iko ndani ya mapokezi, nunua uniti mapema, kwa sababu mlio wake wa kudai huanza wakati chumba kimetulia kabisa.

*Watu wanajazana saa kumi jioni.* Rudi hatua ya kwanza. Kuna mtu anakubali kwa simu miadi miwili ya wakati mmoja bila kutazama daftari.

*Mpangilio unaharibika baada ya mwezi.* Kila siku viti husogezwa kidogo wakati wa kufagia, mpaka kile cha pembeni kinarudi pale pale panapoona ujiani. Weka alama ndogo ya rangi sakafuni chini ya kila mguu wa kiti, na umwonyeshe anayefagia.